Taya la Sidi Chennane: Dinosaria Mwenye Mdomo wa Bata Aliyevuka Bahari Kuingia Afrika

Mtu asimamaye juu ya vilima vya Kamembe, Ziwa Kivu likiwa upande mmoja na bonde la Bugarama likishuka kusini hadi mpakani mwa Burundi na Kongo, huwa amesimama juu ya ardhi yenye taarikhi iliyokatika katikati. Miamba ya asili ya Rwanda ina umri upitao miaka bilioni 1, ilhali mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa Cyangugu na Bukavu ni ya miaka milioni chache tu. Na mashapo ya zama za dinosaria, ambayo mahali pake ni baina ya umri huo na huo, hayakubakia hapa. Kwa sababu hiyo wachimbaji wa machimbo ya saruji ya Bugarama, ambao chokaa yao ilituama kutokana na maji ya chemchemi za moto katika nyakati za karibuni mno, hawana tamaa ya kukutana na mfupa wa mnyama wa dahari hizo, hata wachimbe kwa kina gani.

Atakaye mifupa hiyo hana budi kufuata Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha alishike ziwa hilo mpaka ncha yake ya kusini, apande bonde la Rukwa na Songwe, ambako walitoka Shingopana songwensis, aliyetangazwa mwaka 2017, na Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa mwaka 2019, wote wawili wala majani wenye shingo ndefu. Au na aende Tendaguru, katika Lindi, ambako baina ya 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin walichimba kwa mikono ya mamia ya Waafrika waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, mtu ambaye kwa insafu jina lake lingestahili kutajwa kila yanapotajwa majina ya mabwana wa msafara ule. Huko Kindope, jirani na Tendaguru, yalipatikana maelfu ya mifupa ya Dysalotosaurus, mnyama wa miguu miwili aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na ambaye ni wa kundi kubwa lile lile ambalo baadaye lilizaa dinosaria wenye mdomo wa bata.

Lakini hao wenye mdomo wa bata wenyewe hawajaonekana katika Afrika Mashariki, na hadi juzi hapakuwa na ushahidi wa kutegemewa kwamba waliwahi kulikanyaga bara hili po pote. Tangu mwaka 1858, Joseph Leidy alipoeleza mifupa ya Hadrosaurus kutoka New Jersey, katika Marekani, mabaki ya jamaa hiyo yameendelea kufukuliwa Asia, Ulaya, Amerika ya Kusini na hata Antaktika. Afrika, ambayo zama hizo ilikuwa imezungukwa na bahari pande zote, ilihesabiwa kuwa nchi wasiyoifikia.

Dhana hiyo ilivunjwa na kipande cha taya. Mwishoni mwa mwaka 2020, Nicholas Longrich wa Chuo Kikuu cha Bath, pamoja na Nour-Eddine Jalil na wenzao, walitangaza mnyama waliyempa jina la Ajnabia odysseus, kutoka machimbo ya fosfeti ya Sidi Chennane, katika jimbo la Khouribga nchini Moroko. Mabaki yake ni mifupa ya taya la juu yenye meno, pamoja na kipande cha taya la chini, basi. Mashapo ya fosfeti yalituama chini ya bahari, na aghalabu yatokayo humo ni meno ya papa na mifupa ya mijusi wakubwa wa majini, kwa hiyo mnyama wa nchi kavu hakufika pale ila mzoga wake umechukuliwa na maji. Kupatikana kwake ni jambo la nadra kabisa.

Na taya hilo, kwa uchache wake, linasema mengi. Meno ya jamaa hii ni madogo, yamebanana safu kwa safu, yamepangana moja nyuma ya jingine, hata lile la mbele likishachakaa kwa kusaga majani magumu, la nyuma lilikwisha kuwa tayari kushika nafasi yake, na kinywa kimoja huweza kuwa na mamia ya meno kwa wakati mmoja. Kinywa cha namna hii ni dalili kubwa ya jamaa hii. Umbo la mfupa wenyewe likaongeza ithibati ya pili, kwamba Ajnabia ni wa tawi la wale wenye kishungi cha mfupa kichwani, ambacho ndani yake mna njia za pua zilizopindapinda, na ambacho maulamaa wengi wanaona kilikuwa chombo cha kutolea sauti. Tena kwamba ndugu zake wa karibu ni wale waliofukuliwa Hispania na kwingineko Ulaya. Aliishi takriban miaka milioni 66 iliyopita, karibu kabisa na mwisho wa dinosaria wote, na urefu wake haukupita mita 3 kwa wingi, ilhali baadhi ya jamaa zake wa Amerika walifikia mita 12.

Basi aliingiaje? Daraja la ardhi baina ya Ulaya na Afrika halikuwapo, na bahari iliyozitenga ilikuwa na upana wa mamia ya kilomita. Jawabu la akina Longrich ni kwamba wazee wake walivuka maji yenyewe, ama kwa kuogelea, ama kwa kuchukuliwa na mkondo, ama juu ya magogo na vichaka vilivyong'olewa na mafuriko. Atakayeona rai hii ni ya kubahatisha na amfikirie kiboko, ambaye watu wa bonde la Rusizi wanamjua vyema: mnyama mzito, apendaye kutembea juu ya sakafu ya mto kuliko kuelea, na hata hivyo wazee wa viboko waliokuwako Madagaska walivuka mlango wa bahari wa Msumbiji, kilomita zaidi ya 400, na kizazi chao kikakaa huko mpaka kilipotoweka katika zama za binadamu. Jambo lisilowezekana katika umri wa mtu mmoja huweza kutokea mara moja katika miaka milioni kadhaa, na mara moja ilitosha.

Mimi nalifurahia jambo jingine pia. Mifupa ya Tendaguru ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi Lindi, ikapakiwa melini, na mpaka leo wanafunzi wa Lindi hawana njia ya kuiona ila wasafiri hadi Berlin. Nayo mifupa mingi ya Dysalotosaurus iliangamia katika Vita Kuu ya Pili. Taya la Ajnabia limehifadhiwa Marrakech, katika nchi ile ile lilikotoka, ambako kijana wa Khouribga anaweza kulifikia kwa safari ya saa chache, na hivi ndivyo inavyopasa.

Wala Ajnabia hakubakia peke yake. Mwaka 2024 kundi hilo hilo la wataalamu lilitangaza mnyama wa pili kutoka machimbo yale yale, Minqaria bata, mwenye urefu wa takriban mita 3 na nusu, ambaye fauka ya taya aliacha sehemu ya mfupa wa fuvu uliofunika ubongo, na ambaye meno yake yanaonyesha kwamba chakula chake kilihitilafiana na cha mwenzake. Pamoja naye walieleza mifupa ya mkono na ya paja ya mnyama wa tatu, mkubwa zaidi, aliyekaribia mita 5, ambayo haikutosha kumpa jina. Kwa hiyo wageni wale waliotupwa na bahari walipata malisho, wakazaliana, wakagawanyika jamaa mbalimbali, na bara walilokuwa wakiishi ndilo hili letu.