Helsinki hadi Tokyo: dunia haikutanuka, safari ndiyo iliyorefuka

Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka Helsinki hadi Tokyo. Utapata kama kilomita 7,800, na sehemu kubwa ya uzi itapita juu ya Urusi.

Sasa hapo ndipo penye shida. Enzi za Vita Baridi, Wasovieti walilibana sana anga la Siberia. Basi mwaka 1983 Finnair ikazunguka kupitia Ncha ya Kaskazini, saa 13 hivi bila kutua. Baadaye anga likafunguliwa, safari ikashuka hadi saa 9 na ushee. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vikalifunga tena. Ndege zikarudia njia ya ncha: saa 13, mafuta mengi zaidi.

Kwa hiyo ukiulizwa miji miwili iko mbali kiasi gani kwa ndege, usikimbilie rula. Uliza kwanza: katikati, nani anaruhusu kupita?