Supu ya miguu ya nguruwe na tangawizi
Supu ya miguu ya nguruwe na tangawizi ni chakula cha mzazi katika jimbo la Guangdong na Hong Kong, kusini mwa China. Huliwa katika mwezi wa kukaa ndani baada ya kujifungua, uitwao zuoyuezi. Tangawizi iliyokomaa huchemshwa taratibu katika siki nyeusi tamu. Miguu na mayai ya kuchemsha huongezwa baadaye. Chungu huwa cha udongo, kwani siki hula chuma. Familia nyingi huanza kuipika kabla mtoto hajazaliwa, kisha huipasha mara kwa mara hadi ikolee. Tiba ya jadi husema tangawizi hufukuza baridi mwilini. Siki, kwa upande wake, huvuta kalsiamu kutoka mifupa ya nguruwe. Jamaa na majirani nao hugawiwa bakuli.