Programu ya ratiba ya kazi haijue sheria ya Congo: namna ya kuingiza masaa ya ziada na marupurupu

Hospitali, viwanda, depo na mashirika fulani katika miji yetu yameacha kidogo kidogo lile daftari kubwa la ratiba. Sasa mukubwa wa wafanyakazi anapanga zamu mu ordinatere, mutu anagusa kidole pa mashini akiingia na akitoka, na mwisho wa mwezi programu inatoa hesabu ya malipo. Kazi inakuwa mwepesi. Lakini wafanyakazi wanauliza swali moja: juu ya nini masaa ya ziada, yale wengi wanaitaka «heure sup», yanapotea?

Mara mingi hakuna mwizi. Programu inafanya tu kile iliambiwa, na ikiwa haikuambiwa kitu, inafuata sheria ya kule ilitengenezewa. Ile ya Ufaransa inajua juma la masaa 35, na nyongeza ya 25% kwa masaa 8 ya kwanza ya ziada, kiisha 50%. Ile ya Marekani inaanza kuhesabu kiisha masaa 40, na inalipa saa moja na nusu. Hakuna moja kati ya hizo inayofanana na sheria yetu.

Hapa Congo, Kanuni ya Kazi ya tarehe 16/10/2002, iliyorekebishwa mu mwaka wa 2016, inaweka mupaka wa masaa 45 kwa juma na masaa 9 kwa siku. Nyongeza zenyewe ziko mu agizo la waziri la mwezi wa tano 1968, la zamani kweli, lakini njo linatumiwa mpaka leo: 30% kwa kila saa kati ya masaa 6 ya kwanza yanayopita mupaka wa juma, 60% kwa masaa yanayofuata, na 100% kwa saa iliyofanywa siku ya mapumuziko ya juma, ambayo kwa kawaida ni siku ya yenga. Kazi ya usiku nayo iko na nyongeza yake ya 25%. Usiku, kwa sheria, ni kuanzia saa moja ya magaribi (19h) mpaka saa kumi na moja ya asubui (5h).

Kitu cha kwanza cha kuingiza mu programu si hizo asilimia. Ni bei ya saa moja. Masaa 45 mara majuma 52, ukigawanya kwa miezi 12, inatoa masaa 195 kwa mwezi. Chukua mufano wa mutumishi wa kiwanda cha mikate mwenye mushahara wa franka 780.000. Ukigawanya kwa 195, saa yake moja ni franka 4.000. Wakubwa fulani wanagawanyaka kwa 240, ni kusema siku 30 mara masaa 8, juu hesabu ni mwepesi. Hapo saa inashuka mpaka franka 3.250. Mutumishi anapoteza franka 750 kwa kila saa, mbele hata asilimia haijaguswa, na hakuna mutu anaona, sababu karatasi ya malipo haionyeshake namba waliyogawanyia.

Sasa tuseme yule mutumishi amefanya masaa 54 mu juma moja, bila kugusa siku ya mapumuziko wala usiku. Yanapita mupaka kwa 9. Masaa 6 ya kwanza ni 5.200 kila moja, jumla 31.200. Yale 3 ya mwisho ni 6.400 kila moja, jumla 19.200. Yote pamoja: franka 50.400. Na ile hesabu ya 240, angepata 40.950.

Lakini kosa kubwa zaidi, na lenye kujificha, ni kuambia programu ihesabu kwa mwezi. Yule mutumishi alifanya masaa 54 juma la kwanza kwa sababu mwenzake alikuwa mugonjwa. Juma la pili walimupa 36, kiisha 45, na tena 45. Jumla ni 180. Programu iliyowekwa pa mupaka wa masaa 195 kwa mwezi inasema: hakuna ziada, ni sifuri. Franka 50.400 zimepotea, na mukubwa anaamini kabisa kama amelipa vizuri. Mupaka wa sheria ni wa juma. Kwa hiyo, fasi programu inaulizaka muda wa kuhesabia, jibu ni juma, na ni lazima kuonyesha juma linaanza siku gani.

Zamu za usiku nazo zinaomba akili. Mutu anaingia siku ya posho saa ine ya usiku (22h), anatoka siku ya yenga saa kumi na mbili ya asubui. Programu mingi zinaandikaka masaa yote 8 pa siku aliyoingia. Hapo yenga haionekane, hata kama masaa 6 kati ya yale 8 yamefanyika yenga. Zingine zinaweza kukata zamu pa saa sita ya usiku, lakini mutu lazima awashe ile sehemu. Na saa ya mwisho, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, si usiku tena. Kuna tena swali la nyongeza zinazokutana: saa moja inaweza kuwa ya ziada, ya usiku na ya yenga kwa mara moja. Zinajumlishwa, ao ile kubwa inafunika zingine? Yule mwenye kuingiza kanuni asijibu kwa kichwa chake. Aangalie mukataba wa pamoja wa kazi, akikosa aulize mu ofisi ya Inspection du Travail, kiisha jibu liandikwe fasi wafanyakazi wanaweza kulisoma.

Marupurupu ni hadisi ingine. Kanuni ya Kazi inatenga vitu fulani inje ya mushahara: usafiri, nyumba, matunzo ya afia na posho ya watoto ya kisheria. Ile franka ya usafiri haiingie mu bei ya saa, na haiongezwe asilimia. Primu, yenyewe, sheria inaihesabia ndani ya mushahara. Mukubwa akiandika mushahara na usafiri mu kisanduku kimoja, hesabu yote inaaribika. Usafiri uwekwe kwa siku ao kwa zamu, na hapa pia kuna mutego: mutu aliyeitwa mara mbili mu siku moja amelipa taxi-moto mara ine, lakini programu inayohesabu kwa siku itamupa usafiri mara moja tu.

Kiisha kuna courant. Moto ikikatika, mashini ya vidole inakufa, na programu inachukua masaa yaliyopangwa mu ratiba pa nafasi ya masaa mutu aliyofanya kweli. Aliyebaki masaa 2 zaidi anaonekana kama alitoka kwa wakati. Fasi zenye kujua shida hiyo zimeacha kadaftari pa mulango. Mutu anatia sahihi, na mukubwa anaingiza masaa kesho yake.

Mbele ya kutupa hesabu ya zamani, inafaa kuendesha zote mbili pamoja kwa mwezi muzima: programu upande mumoja, karatasi na kalkulatrisi upande mwingine, kwa watumishi watatu ao wane wenye zamu ngumu. Na kila kanuni mupya ipewe tarehe ya kuanza. Bila tarehe, programu fulani zinarudilia hesabu ya miezi iliyopita, na mutu anajikuta ana deni la pesa alizokwisha kula.

Mutumishi mwenyewe iko na haki ya kupewa maandishi yanayoonyesha namna mushahara wake umehesabiwa. Akiandika masaa yake mu kakaye kila siku, anaweza kuweka vyote viwili sawasawa pa meza na kuuliza: saa yangu moja ni franka ngapi, na munagawanya kwa ngapi?