Mabibo yanayooza Masasi na Newala yaweza kuzalisha ethanoli

KILA msimu wa korosho, kuanzia takriban Septemba hadi Januari, mashamba ya Lukuledi wilayani Masasi na yale ya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hutapakaa mabibo. Mkulima hung'oa korosho na kuipeleka ghalani, katika mfumo wa stakabadhi ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Bibo, ambalo halina soko la uhakika, aghalabu huachwa lioze.

Kibotania, bibo ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi ni korosho. Hata hivyo, uzito wake hufikia mara tano hadi kumi ya ule wa korosho. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho ghafi. Kwa makadirio ya chini, msimu huo ulitoa zaidi ya tani milioni 1.5 za mabibo.

Wenyeji wameitambua sukari hiyo tangu zamani. Mabibo hukaushwa kuwa kochoko, juisi yake huchachushwa kuwa uraka, na uraka hukenekwa kuwa nipa, aina ya gongo. Ukenekaji wa pombe hiyo bila leseni umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966. Huko Goa, India, kinywaji cha mabibo kiitwacho feni hutengenezwa kihalali.

Ethanoli ya nishati hufuata njia hiyo hiyo. Mabibo hukamuliwa, juisi ikatiwa hamira, na hamira ikageuza sukari kuwa ethanoli na hewa ya ukaa. Kisha mchanganyiko huchemshwa: ethanoli hugeuka mvuke katika nyuzi joto 78, kabla ya maji, na mvuke huo hupozwa kuwa kimiminika. Ukenekaji wa kawaida huishia kwenye kiwango cha takriban asilimia 95, kinachofaa kwa majiko ya ethanoli. Ili ichanganywe na petroli, ni lazima maji yaliyosalia yaondolewe.

Kikwazo ni hesabu. Juisi ya mabibo ina sukari ya takriban asilimia 10. Tani moja ikitoa lita 600 za juisi, sukari yake ni kilo 60 hivi, na ethanoli haiwezi kuzidi lita 40. Molasi ya viwanda vya sukari, ambayo karibu nusu yake ni sukari, hutoa mara kadhaa ya kiasi hicho na huhifadhika kwa miezi. Bibo huanza kuharibika ndani ya siku moja, hivyo kulisafirisha mbali ni hasara.

Kwa sababu hiyo, mitambo midogo karibu na mashamba ndiyo yenye matumaini zaidi, huku kochoko ikiwa akiba baada ya msimu. Aidha, kupoza mvuke kunahitaji maji mengi, na uwanda wa Makonde unafahamika kwa uhaba wake. Bonde la Mto Lukuledi lina nafuu.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuifikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ethanoli ni miongoni mwa nishati hizo. Kwa mkulima, suala ni bei: iwapo malipo ya kilo ya mabibo yatazidi gharama ya kuyaokota na kuyabeba, bibo litakuwa zao la pili la mkorosho.