Papa wenye kichwa cha nyundo, mapovu ya hewa, na vita ya Sudani

Wandugu, sisi wa Bunia bahari tunaijua paka kwenye telefone. Maji yetu makubwa ni Ziwa Albert, kule Kasenyi na Tchomia, na papa haiko ndani. Lakini kuna samaki moja wa Bahari Nyekundu ambaye nimemsoma sana mwaka huu, na naona historia yake inatuhusu kuliko mtu anavyoweza kufikiri.

Ni papa mwenye kichwa kilichotanuka huku na huku kama nyundo. Watu wa pwani, upande wa Mombasa na Unguja, wanamuita pingusi. Yaani jina lilikuwako mbele mzungu yeyote hajavaa chupa ya hewa mgongoni. Ila mvuvi alimjua zaidi pingusi aliyekwisha kamatwa, moja moja, ndani ya mtumbwi. Ukiwa juu ya maji ni vigumu kuona jambo lenyewe la ajabu: mchana, aina moja ya pingusi wanatembea kwa kundi, wakati mwingine mamia pamoja, wote wakiangalia upande moja kama ng'ombe wanaopelekwa mtoni. Ili uone hivyo, lazima ushuke chini na ukae pale.

Kushuka kwenyewe kulitoka mu shida. Mwaka 1943 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajeremani, petroli ilikosekana, na magari mengine yalitembea na gazi. Injinia Émile Gagnan alikuwa na kifaa kidogo cha kupima gazi inayoingia mu moteri. Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini, alitafuta kitu cha kumpa mtu hewa kadiri anavyoivuta chini ya maji. Wakakigeuza kile kifaa cha gari, na kuzamia kwa leo kukazaliwa. (Njo maana sikubali mtu akisema kipindi cha vita hakuna kinachotengenezwa.)

Lakini kifaa kile kiko na kasoro: kila pumzi inatoka na mapovu na kelele, na pingusi hapendi mapovu. Unamuona mbali, unatoa pumzi, amegeuka.

Muaustria Hans Hass alipita njia ingine. Mu 1949 na 1950 alizamia Port Sudan na kifaa cha oksijeni ambacho pumzi inazunguka ndani ya mfuko, chokaa inakamata gazi chafu, na hakuna povu linalotoka. Ubaya wake: oksijeni tupu inageuka sumu ukishuka mita chache tu. Filme aliyotoa mu Bahari Nyekundu ilipata zawadi Venice 1951, na jina la Port Sudan likaingia mu vichwa vya wazamiaji wa Ulaya.

Kisha Cousteau mwenyewe akafika. 1963, kwenye mwamba unaoitwa Sha'ab Rumi, karibu na Port Sudan, aliweka nyumba ya chuma yenye umbo la nyota, mita 10 chini ya maji. Watu watano walilala mule mwezi mzima. Sehemu ya pesa ilitoka kwa tasnia ya petroli ya Ufaransa, iliyotaka kujua kama mfanyakazi anaweza kuishi chini ya bahari. Waliingiza na vizimba vya chuma kwa kuogopa papa. Filme ya kazi ile, Le Monde sans soleil, ilipata Oscar. Naona hapo njo mawazo ya zamani yanaonekana wazi: papa ni adui, mtu anamuangalia akiwa ndani ya kizimba.

Aliyebadilisha maswali ni Peter Klimley, Mmarekani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, mu ghuba ya California kule Meksiko, aliacha chupa, akashika pumzi yake tu na kushuka katikati ya kundi. Hawakumgusa. Alihesabu, akapiga picha, akaona wengi ni majike, na wakubwa wanasukumana kupata nafasi ya katikati. Usiku kundi linavunjika, kila moja anaenda kuwinda ngisi mbali. Asubuhi wanarudi palepale, na Klimley alieleza mu 1993 kwamba wanaonekana kufuata nguvu ya sumaku iliyo mu miamba ya chini.

Hapa nazungumza kama mtu wa agronomia. Kapitene wa ziwa letu anataga mayai kwa mamilioni. Pingusi anabeba mimba karibu mwaka mzima kama ng'ombe, anazaa watoto makumi tu, na jike anachelewa miaka mingi mbele ya kuzaa mara ya kwanza. Sasa weka majike wengi vile mahali pamoja, kila mchana, palepale. Wavu moja, mshipi moja mrefu, na umetoa wazazi wa kizazi kizima. Mapezi yanauzwa ghali Asia kwa supu. Mu 2013, kule Bangkok, nchi zilikubaliana kuchunga biashara yake, na mu 2019 aina hii iliandikwa kati ya viumbe vilivyo karibu kabisa kuisha.

Sudani ilikuwa imejaribu. Mwamba wa Sanganeb, karibu kilomita 25 kutoka Port Sudan, ulifanywa hifadhi mu 1990, na UNESCO ikauingiza mu urithi wa dunia 2016. Sisi wa Ituri tunajua karatasi kama hiyo: Hifadhi ya Okapi, Mambasa, iliingia mu 1996, na mwaka uliofuata ikapelekwa kwenye orodha ya hatari. Vita ya Sudani ilianza tarehe 15 Aprili 2023. Serikali ilikimbilia Port Sudan, na mu Mei 2025 drone zikapiga mji ule ule.

Nyumba ya nyota iliondolewa zamani. Garaji ya chombo kidogo cha kuzamia cha Cousteau bado iko Sha'ab Rumi, matumbawe yameota juu, na kando mabaki ya vizimba. Mwamba ule ule, upande wa kusini, njo mahali pingusi wanakusanyika maji yakiwa baridi kidogo.