Pampu ya kutoa maji na pampu ya kuingiza maji

Kimya changu kilitokana na mafunzo kwa vitendo. Sasa nimerudi kampasi na nina kisa.

Mimi mtoto wa Nyamongo. Kwetu pampu ni kitu cha kutoa maji. Wachimbaji wadogo wakiwa shimoni, pampu ikinyamaza tu, watu wanaanza kupanda juu bila kuulizana. Kiwandani nilikopelekwa (jina nalihifadhi) nikakuta kinyume chake: pampu inaingiza maji kwenye boila, wakati presha ya humo ndani inayasukuma yatoke. Boila ya baa 10 inataka pampu inayoweza kupandisha maji kama mita 100 kwenda juu. Jamani!

Usiku mmoja ile pampu ikaanza kukwaruza kama inatafuna kokoto. Kwenye kioo cha boila maji yakawa yanashuka. Mimi mbio kuwasha pampu ya akiba, mzee wa zamu akanidaka mkono: "Dogo, zima moto kwanza!" Kumbe maji ya tangi yalikuwa ya moto mno, yakageuka mvuke ndani ya pampu, ikashindwa kusukuma. Ndiyo maana tangi huwekwa juu ya pampu, uzito wa maji usaidie. Na boila iliyokaukiwa hadi chuma kikawa chekundu, ukiiingizia maji ghafla inaweza kupasuka na kuua.

Sikulala vizuri. Niliporudi chuo nikaingia maktaba, nikakuta mashine ya mvuke yenyewe ilianzia migodini! Mwaka 1712 Mwingereza Thomas Newcomen aliunda yake ili kutoa maji kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Presha yake ilikuwa ndogo sana, hivyo maji yalishuka yenyewe boilani kutoka kwenye tangi la juu.

Kasheshe ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1800, Richard Trevithick alipopandisha presha. Hapo maji lazima yasukumwe. Lakini pampu nyingi ziliendeshwa na injini ileile: injini ikisimama, pampu nayo inasimama, huku moto unawaka! Miaka ya 1840 Mmarekani Henry Worthington akaunda pampu yenye silinda yake ya mvuke. Mwaka 1858 Mfaransa Henri Giffard akaja na injekta, isiyo na pistoni: mvuke wa boila unapita kwa kasi kwenye tundu jembamba, unavuta maji baridi na kuyasukumia ndani ya boila ileile. Kwa njia hiyo zilinyweshwa hata zile Garratt 34 za daraja la 59, zilizotoka Manchester mwaka 1955 na 1956 kuja kupanda mlima kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Nimempigia baba nyumbani nikamsimulia. Akauliza swali moja tu: "Huyo mzee ulimshukuru?" Kusema kweli, sikumshukuru. Jumamosi nakwea daladala, naenda kumtafuta kiwandani.

Haya, tukutane wiki ijayo.