Ubashiri wa bei za umeme mkoani Katavi

Ubashiri wa bei za umeme ni ukadiriaji wa bei au gharama ya umeme kwa saa, miezi au miaka ijayo. Katika masoko ya ushindani, kama lile la nchi za kusini mwa Afrika (SAPP), zabuni za wauzaji na wanunuzi ndizo huamua bei ya kila saa ya siku inayofuata. Wabashiri hupima mahitaji, hali ya hewa, kina cha mabwawa na bei ya mafuta. Kwa kuwa umeme ni mgumu kuhifadhi kwa wingi, upungufu mdogo tu huweza kurusha bei juu.

Katavi, mkoa wa Tanzania uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hauna soko la namna hiyo. Shirika la umeme la taifa, TANESCO, huuza umeme kwa viwango vilevile nchi nzima, vilivyoidhinishwa na mdhibiti wa nishati na maji, EWURA. Amri ya bei ya mwaka 2016 ilimpangia mteja wa nyumbani asiyezidi uniti (kilowati-saa) 75 kwa mwezi shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa matumizi ya kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Mnunuzi wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wa Mpanda, makao makuu ya mkoa, hulipa sawa na wa Dar es Salaam.

Kinachobashiriwa hapa, basi, ni gharama. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, hivyo makadirio yalifuata bei ya mafuta katika soko la dunia, thamani ya shilingi na nauli ya malori kutoka pwani. Njia ya msongo wa kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga imejengwa ili kuuingiza mkoa katika Gridi ya Taifa. Ndani ya gridi, gharama hutegemea zaidi gesi asilia na mvua zinazojaza mabwawa, likiwemo la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Hesabu pekee haitoshi. Mwishoni mwa 2016 TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 18.19, EWURA ikaidhinisha takriban asilimia 8.5, lakini Serikali ikaizuia kabla haijaanza kutumika. Kwa hiyo mbashiri wa Katavi hukadiria mambo mawili kwa pamoja: gharama ya kuzalisha uniti, na sehemu ya gharama hiyo ambayo mteja ataruhusiwa kutozwa.